Hulka ya Mwanao Si Utovu wa Adabu

Mwanangu wa Tanga,

Umeniandikia kwamba binti yako wa miaka miwili na nusu hataki kuvishwa wala kulishwa, kwamba majuzi alijitupa chini sokoni kwa sababu ulimmenyea ndizi aliyotaka kuimenya mwenyewe, na kwamba mama mkwe wako anakukumbusha kila siku kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Unauliza kama ukaidi huu ndio tabia atakayokua nayo, na kama ni wajibu wako kuuvunja mapema.

Usiuvunje. Mwaka 1956 Alexander Thomas na Stella Chess, mtu na mkewe, wote madaktari wa magonjwa ya akili, walianza mjini New York kufuatilia watoto tangu uchanga hadi ukubwani, wakaona kuwa wengine huzoea mambo kwa wepesi tangu mwanzo, na wengine, takriban mmoja kati ya kumi, hupokea kila jambo jipya kwa kilio kikali. Lakini hulka peke yake haikuamua mtoto atakuwaje. Lililokuwa na uzito ni jinsi malezi yalivyoafikiana nayo.

Katika umri huu binti yako anajua vizuri anachokitaka, ila maneno ya kukieleza hayamtoshi, na sehemu ya mbele ya ubongo inayomwezesha mtu kujizuia huendelea kukomaa hadi baada ya miaka 20. Anapogaagaa chini hakupimi nguvu, amezidiwa. Fimbo wakati huo itamwongezea hofu tu, wala haitamfundisha kujituliza. Kaa karibu naye, sema maneno machache, na macho ya watu sokoni yasikubadilishie uamuzi.

Chagua mambo machache yasiyo na mjadala: barabara, moto, maji marefu, kupiga wenzake. Hapo "hapana" yako ibaki hapana hata akilia mchana kutwa. Katika mengine mpe nafasi: achague gauni hili au lile, nawe umwanzishie ganda la ndizi kisha amalizie. Angalia pia usingizi wake, kwa maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza saa 11 hadi 14 kwa siku kwa watoto wa umri wake, pamoja na ule wa mchana, na mtoto aliyekosa usingizi hukasirishwa na jambo dogo.

Mwishoni mwa barua umetaja, kama jambo la kupita, kwamba alikataa chakula hadi alipofaulu kufunga kifungo cha gauni lake. Sentensi hiyo nimeisoma kwa furaha kubwa. Uvumilivu huo na kile kilio cha sokoni vinatoka mahali pamoja, nami nakusihi umsifu kwa huo waziwazi, kwa sababu nahofia kwamba siku hizi anasikia makosa yake tu.

Iwapo amepoteza maneno aliyokuwa nayo, haunganishi maneno mawili, haitiki akiitwa au hujiumiza akikasirika, mpeleke kliniki ya watoto bila kusubiri.

Mama mkwe usibishane naye mbele ya mtoto. Mumeo ndiye azungumze naye kwa heshima, wakubaliane kwamba lile ulilolikataza wewe, bibi halitoi kwa siri, na kwamba fimbo haitatumika. Kisha mwombe mama akusimulie mumeo alikuwaje alipokuwa na umri huo.

Shangazi yako