Kutumia nusu ya bajeti si kumaliza nusu ya kazi: kupima thamani katika miradi ya minara

Ndugu muulizaji, umesema mradi wenu wa minara ya simu visiwani Lamu umetumia nusu ya bajeti katika nusu ya muda, na meneja wako anaona mambo yako sawa. Binafsi nisingekubali upesi hivyo, kwa kuwa tarakimu hizo mbili hazisemi lolote kuhusu kazi iliyofanyika. Nimeshughulikia gharama za miradi ya namna hii kuanzia Mokowe hadi Faza, na kipimo kilichonifaa ni kile cha thamani iliyopatikana, yaani kazi iliyokwisha kukamilika ikihesabiwa kwa bei iliyowekewa katika bajeti, ambacho Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikiwekea vigezo rasmi mwaka 1967.

Tuchukue mfano wa minara 10 kwa shilingi milioni 60. Kufikia leo mlipanga muwe na kazi ya milioni 30, iliyokamilika ina thamani ya milioni 24, na fedha zilizotoka ni milioni 32. Gawanya 24 kwa 32, utapata 0.75, yaani kila shilingi inayotoka inaleta kazi ya senti 75. Gawanya 24 kwa 30, utapata 0.8, kwa hiyo mko nyuma ya ratiba. Mwendo ukibaki huo, gawanya bajeti ya 60 kwa 0.75 uone kwamba mradi utamalizika kwa milioni 80. Heri meneja alijue hilo sasa kuliko siku fedha zitakapokwisha.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Penye mzozo ni kukubaliana kazi ipi ihesabiwe kuwa imepatikana. Mkandarasi mmoja alitaka mnara wake uandikwe asilimia 60 kwa sababu vyuma, saruji na betri vilikuwa vimeshapakuliwa gatini, ilhali msingi haujachimbwa na kokoto bado zinasubiri punda wa kuzibeba. Ndiyo maana nasisitiza migao iandikwe kabla ya kazi kuanza: mathalani, msingi ambao zege lake limefaulu kipimo upewe asilimia 30 ya thamani ya mnara, mnara uliosimama 25, umeme na vifaa vya redio 25, na 20 za mwisho zisitolewe hata chembe mpaka mnara uwashwe, ujaribiwe na kupokewa. Vifaa vya ghalani visihesabiwe kabisa. Kuvilipia ni suala jingine, ingawa mkandarasi atakuja na risiti zake za mashua.

Vilevile, msigawe thamani iliyopangwa, ile ya milioni 30 katika mfano wetu, sawasawa kwa kila mwezi. Kusi ikivuma kwa nguvu, kati ya Juni na Agosti, kuvusha vyuma virefu huwa kazi ya kubahatisha, na mpango usiojali hilo utawaonyesha mmechelewa hata pale mafundi wasipokuwa na kosa.

Kipimo cha ratiba, yaani ile 0.8, kina udhaifu mwingine: kazi yote ikikamilika hurudi kuwa 1, hata kama mmechelewa mwaka mzima. Tena huchanganya minara yote pamoja. Mnara unaopokea mawimbi kutoka bara na kuyarusha kwa mingine ukikwama, ile ya ng'ambo yake haiwezi kuingia hewani hata ikiwa imesimama tayari. Kwa hiyo kando ya hiyo 0.8, muulize mhandisi wenu ni mnara upi hasa uliochelewa.