Aliyeishtaki Zambia si Romania

Wapo wanaosema Romania ndiyo iliyoishtaki Zambia mahakamani London kwa deni la zamani. Si Romania. Aliyefungua kesi ni Donegal International, kampuni iliyosajiliwa Visiwa vya Virgin vya Uingereza, ambayo haikuwahi kuikopesha Zambia hata senti. Mkopo wenyewe wa Romania ulikuwa wa 1979, wa matrekta na mashine nyingine za kilimo. Kufikia 1999 deni pamoja na riba lilikuwa kama dola milioni 30, na Donegal wakalinunua kwa milioni 3.3 hivi. Halafu wakadai milioni 55! Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya London ikawapa takriban milioni 15. Maelezo ya ununuzi huo yamo kwenye hukumu yenyewe, iko wazi kwa yeyote kuisoma.

Kinachoniuma ni kwamba Zambia ilikuwa imetoka tu kusamehewa madeni, na fedha za shule na zahanati ndizo zikaenda huko.

Ni kweli Uingereza ilitunga sheria ya kuzuia kesi za namna hii mwaka 2010, ila inahusu madeni ya zamani ya nchi maskini zilizo kwenye mpango wa kimataifa wa msamaha wa madeni, na haizibani mahakama za New York, ambako kesi kama hizi pia hufunguliwa.