Bunduki Ipimwe, Upepo Usome Mwenyewe

Maswali ya walengaji wa bunduki wa masafa marefu yamekuja mengi, na kama kawaida nusu yake yanauliza risasi ya kipenyo gani ndiyo inayoshinda. Hilo nimelijibu kwa mstari mmoja huko chini, na sitalirudia mwaka huu. Mengine nimeyachagua kwa kuwa yote yanazunguka jambo moja: kifaa kikufanyie kazi hadi wapi, na wewe uanzie wapi.

Bunduki yangu ya F-TR (daraja la F-Class, mashindano ya kulenga kwa darubini ukiwa umelala, ambako bunduki husimama kwa miguu yake) ilizidi uzito kwa gramu 40 tu, kisa utepe wa kuzuia mazigazi niliobandika juu ya mtutu. Nimefutiwa alama. Kweli gramu 40 zinanisaidia nini kwenye yadi 1,000?

Hazikusaidii kitu. Lakini kikomo cha F-TR ni kilo 8.25, na cha F-Open, daraja la wanaotumia kiegemeo cha mbele, ni kilo 10, na mzani haujui neno "tu". Uzito unaituliza bunduki na kupunguza teke, ndiyo maana kila mtu angeongeza kama angeachiwa. Ukisamehewa wewe wa 40 leo, kesho atakuja wa 90 na jina lako mdomoni.

Kinachohesabiwa ni kila kilichoshikamana na bunduki: darubini, miguu, pima maji, utepe wako. Wengi wenu mnapima siku ya kununua. Baadaye mnabadilisha darubini, mnafunga mtutu mzito zaidi, na mzani hamuukumbuki tena. Nimewaona watu mbele ya meza ya ukaguzi wakifungua skrubu za egemeo la shavu huku majina yao yanaitwa, jasho linawatoka, bisibisi inateleza. Anayeng'oa egemeo namna hiyo anapita mzani sawasawa, kisha analala chini na kukuta jicho lake halikai tena nyuma ya darubini. Jiachie nafasi ya gramu 100. Mzani wako na wa waandaaji si mapacha.

Risasi ipi ni bora kwa masafa marefu?

Ile uliyoifyatua mara nyingi huku unaangalia bendera.

Breki ya mtutu inapunguza teke tu, haiongezi usahihi. Kwa nini F-Class wanaikataza wakati kwenye PRS (mashindano ya kulenga mabamba ya chuma kutoka kituo hadi kituo) karibu kila bunduki inayo?

Lala kando ya mtu mwenye breki kisha uniulize tena. Breki haiondoi nguvu ya gesi, inaigeuza iende pembeni. Kwenye F-Class na kwenye Target Rifle (wale wanaolenga bila darubini) walengaji wamelala safu moja, bega kwa bega, na pembeni yako kuna binadamu aliyesubiri upepo utulie kwa dakika nzima. Ghafla vumbi linamjaa usoni, darubini inatikisika, na sikio linavuma hata akiwa amevaa kinga. Kwenye PRS anafyatua mmoja mmoja kwenye kituo, wenzake wamesimama nyuma yake. Mazingira tofauti, kanuni tofauti. Kiwambo cha sauti nacho F-Class hawakitaki, kwa hiyo usiniandikie tena kuuliza kama "kile kidogo" kinaruhusiwa.

Kipima mwendo changu kinanipa futi 3,190 kwa sekunde. Kikomo cha PRS ni 3,200. Niko salama?

Ulipima asubuhi ya baridi, sivyo? Baruti nyingi huongeza mwendo zikipata joto. Risasi iliyokaa juani, au iliyoachwa ndani ya chemba ya moto wakati unahangaika kutafuta mkao, haitakuwa na 3,190 mchana. Kikomo hicho, takriban mita 975 kwa sekunde, hakikuwekwa kukunyima ushindi. Kichwa cha risasi kinachokwenda kasi kupita kiasi huchimba bamba la chuma, na bamba lililochimbika hurusha vipande kuelekea kusikotarajiwa. Shuka hadi 3,100 na ulale usingizi.

Shabaha ya kielektroniki ilikataa kuonyesha risasi zangu mbili za mwisho kwenye yadi 1,000. Nimeandikiwa sifuri. Je, nidai?

Dai, lakini kwanza jichunguze. Shabaha nyingi za aina hii hutegemea vipokea sauti vilivyofungwa kwenye fremu. Vinasikiliza wimbi la mshtuko la risasi inayokwenda kasi kuliko sauti, kisha kompyuta inapiga hesabu ya mahali ilipopita. Risasi ikifika pale imeshachoka na kushuka chini ya mwendo wa sauti, hakuna wimbi la kusikiwa. Itapotea, au itaonyeshwa mahali ambapo haikupita. Hili huwapata sana wenye mtutu mfupi na wanaoshindilia risasi zao wenyewe kwa baruti ya kubania. Kama za majirani zako wawili zilisomeka sawasawa na zako mbili hazikusomeka, tatizo huenda limelala kwenye sanduku lako la risasi.

Kudai kwenyewe kuna utaratibu: unasimama hapohapo, hufyatui nyingine, unamwita mwamuzi. Anayemaliza mfululizo wote ndipo aanze kulalamika amempa mwamuzi kazi isiyowezekana.

Na kwa kuwa mmeziingiza hizi shabaha wenyewe, niseme linaloniudhi zaidi kuliko risasi iliyopotea. Zamani shabaha iliteremshwa kwenye handaki, mtu akabandika alama, ikapandishwa. Katika sekunde hizo upepo uligeuka, nawe ukalazimika kuusoma upya. Siku hizi alama inatokea kwenye kioo papo hapo, na kuna watu wanaosubiri bendera zikae wanavyotaka kisha wanamwaga risasi kumi mfululizo kabla hazijageuka. Hawajavunja kanuni yoyote. Ila wamenunua njia ya kuukwepa mtihani wenyewe.

Kwa risasi ya .308 yenye kichwa cha greni 155 (kama gramu 10), upepo wa maili 10 kwa saa unaokata pembeni huisukuma risasi zaidi ya mita 2 kwenye yadi 1,000. Kosea maili moja tu, na umehama karibu sentimita 25, wakati duara la alama 10 kwenye shabaha ya F-Class ya Marekani lina upana wa inchi 10, yaani sentimita 25 na ushee. Yaani wewe uliyelenga katikati hasa umeshatoka nje. Mchezo wote uko hapo. Baadhi ya waandaaji wameanza kuichelewesha alama kwa makusudi kabla haijatokea kwenye kioo. Wanalaumiwa kwa kurudisha mchezo nyuma, na mimi naunga mkono wafanye hivyo kila mahali.

Mwenzangu alifyatua kwenye shabaha yangu. Alama inakuwa ya nani?

Yeye anaandikiwa amekosa, hata kama ametoboa kiini. Wewe ukishafyatua yako, na shabaha ina matundu mawili yasiyojulikana lipi la nani, kanuni nyingi hukupa lenye alama kubwa. Usione haya kulipokea.

Wala usimcheke. Mwaka 1874 kule Creedmoor, Marekani, timu ya Ireland ilishindwa na Wamarekani kwa alama 934 dhidi ya 931, na mmoja wa Wairishi, J. K. Milner, alikuwa amepiga kiini safi kabisa kwenye shabaha ya jirani. Kiini siku hizo kilikuwa na alama 4. Hesabu mwenyewe. Soma namba ya shabaha kabla ya kila risasi, si ya kwanza peke yake.

Kanuni haijasema popote kwamba siwezi kuweka ubao wenye mifereji chini ya miguu ya bunduki ili irudi palepale kila baada ya teke. Kisichokatazwa kinaruhusiwa, au sivyo?

Hujasoma. Ubao bapa ni kitu kimoja. Kitu chochote kinachoiongoza miguu irudi kwenye reli yake kimekatazwa F-TR, na mifereji ni reli kwa jina jingine. Kila msimu napata swali hili likiwa limevaa nguo mpya: mara zulia lenye nyuzi ngumu, mara ubao "wenye mikwaruzo ya bahati mbaya".

F-Class ilianzishwa na Mkanada George Farquharson ili walengaji ambao macho na viungo vyao vimechoka, wasioweza tena kutumia matundu ya kulengea na ukanda mkononi, waendelee kucheza kwa darubini na egemeo. Darasa la wazee hilo. Leo ukipita kwenye safu ya F-Open unaona viegemeo vya mbele vizito kama mashine ya kushonea viatu. Sina ugomvi na fundi mzuri. Hao Wairishi wa 1874 walikuja na bunduki za Rigby za kushindiliwa mdomoni kama gobori, wenyeji wakatumia Remington na Sharps zinazojazwa kwa nyuma, na kila upande ulijua mwenzake ameshika nini. Kifaa kipya kinacholetwa mezani kikakaguliwa mbele ya watu hakinisumbui hata kidogo. Kinachonisumbua ni mtu anayeniuliza kimyakimya, nje ya jina lake, kama mwamuzi atagundua. Ukijiona unauliza hivyo, jibu unalo.

Kuna mlengaji kwenye klabu yetu anayeharibu risasi mbilitatu kila mashindano madogo ili abaki daraja la chini, kisha kwenye mashindano makubwa anachukua zawadi ya daraja hilo. Tumfanyeje?

Mnamjua, maana yake wote mnamjua, na mmenyamaza. Kadi zake zipo. Mwenye mkono mbaya husambaza risasi; huyu wa kwenu ana nane zilizobanana kiasi cha kufunikwa na kiganja, halafu mbili ziko pembezoni kabisa, na zile mbili huja mwishoni akishajua hesabu. Pelekeni kadi za mwaka mzima kwa kamati, si maneno. Kamati nyingi zina uwezo wa kumpandisha mtu daraja kwa kuangalia uwezo wake badala ya wastani wake. Zawadi za madaraja ya chini zipo ili mgeni wa mchezo apate sababu ya kurudi. Huyo bwana anamnyang'anya mgeni.

Natumia dawa ya presha. Rafiki ananiambia nitafungiwa. Ni kweli?

Inategemea dawa. Zile za kundi la beta-bloka, kama propranololi, hupunguza mapigo ya moyo na kutuliza mtetemo wa mikono, na kwa walengaji WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, imezikataza wakati wote, si siku ya mashindano pekee. Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alinyang'anywa medali zake mbili za bastola katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 kwa sababu ya dawa hiyohiyo. Dawa za kukojosha, ambazo nazo hutolewa sana kwa presha, pia zimo kwenye orodha ya marufuku kwa kuwa huficha nyingine.

Usiache dawa kwa sababu ya medali. Nenda kwa daktari, mweleze unashindana, muulize kama ipo nyingine inayokufaa, na kama haipo omba kibali cha matumizi ya tiba kabla ya mashindano. Kwa beta-bloka usitarajie kibali chepesi. Na rafiki anayekushauri "meza kimoja tu, mkono utatulia" ingawa huna presha, huyo ndiye wa kuacha.

Naruhusiwa kuwa na mtu nyuma yangu akininong'oneza upepo?

Kwenye mashindano ya timu, ndiyo. Msomaji wa upepo ana kiti chake na kazi yake, na akikosea mnakosa wote. Kwenye ya mtu binafsi, hapana. Hapana pia kwa kidude cha sikioni, kikohozi cha ishara, na mke anayehama kutoka kiti cha kushoto kwenda cha kulia.

Ni lazima niweke kijiti cha plastiki kwenye chemba hata kama komeo liko wazi na kila mtu anaona bunduki haina risasi?

Lazima. Aliyeko kwenye handaki chini ya shabaha haoni komeo lako.