Re: Nianzie bwawani au msituni?

Ndugu, umeuliza uanzie wapi kutazama ndege kwenye bustani yenye bwawa, miti na nyasi ndefu, nawe una asubuhi moja tu. Anzia pale miti inapopakana na nyasi, jua likichomoza, ulipe mgongo. Ndege wa pande zote mbili huja hapo kutafuta wadudu. Bwawa litasubiri, korongo hana haraka. Ukimwona mdiria tawini, usimfuate: akishanasa samaki, mara nyingi hurudi palepale, ampigize kwenye tawi, kisha ammeze akitanguliza kichwa. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi za mbele za milimita 42, inatosha kabisa. Zinazokuza mara 12 hutikisika mno mkononi. Halafu tafadhali, usiwaite kwa sauti zilizorekodiwa kwenye simu, hasa msimu wa kutaga. Unawasumbua bure.