Mzunguko wa 24

Mmeuliza kama aliyekuwa mwanamichezo chuoni apewe upendeleo anapoomba shule ya sheria Marekani. Mimi nilikimbia, kisha nikaomba, na kabla sijamaliza kulisoma swali lenu nilishajibu: hapana. Upendeleo tuliupata tulipoingia shahada ya kwanza, kocha alipotutafuta mwenyewe. Shule ya sheria haina timu, hivyo hakuna kocha wa kukusemea. Kuna wastani wa alama zako, LSAT, mtihani wa kuombea shule ya sheria, wenye alama 120 hadi 180, barua za mapendekezo, na insha.

Insha ndiyo iliyonitoa jasho. Niliandika kuhusu mbio za mita 10,000, mizunguko 25, siku ya manyunyu. Nilikuwa wa tatu. Hesabu ikanipotea, nikauchukua mzunguko wa 24 kuwa wa mwisho, nikafyatuka. Nikampita wa pili, nikampita wa kwanza, nikakata mstari mikono juu. Papo hapo ikalia kengele ya mzunguko wa mwisho! Ubao wa mizunguko iliyobaki ulionyesha 1, nami wala sikuutazama. Nikasimama kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake, wakawa wananipita. Nilimaliza wa kumi na moja. Kocha hakunikemea, alinipa taulo tu, na taulo lile liliniuma kuliko matusi.

Mhadhiri aliyenisomea insha aliirudisha na swali moja: baada ya hapo ulifanya nini? Kumbe nilikuwa nimeliruka. Wenzangu walitaka tukate rufaa, tudai ubao ulichelewa kugeuzwa. Nilikataa, maana haukuchelewa. Katika kurasa mbili za jasho na uvumilivu, jambo pekee lililohusu sheria sikuliandika.

Sasa naona nimeanza kulegea. Msimu ukiwa umepamba moto, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, inaruhusu hadi saa 20 za mazoezi na mashindano kwa wiki. Aliyefanya kazi dukani saa hizo tungemhesabia, kwa nini huyu asihesabiwe? Alan Page alisoma sheria huku akicheza katika NFL, ligi ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani, akahitimu 1978, na tangu 1993 hadi 2015 akawa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo la Minnesota. Ila sitaki kusikia kwamba mpira ndio uliompa ujaji.

Basi, tuseme ndiyo: zihesabiwe saa, medali ziachwe kabatini. Na iwe kwa yule ambaye alama zake zilikuwa zinakaribia kutosha tayari. Zangu zilikuwa zinakaribia, kwa hiyo msiniamini sana hapo.