Una Vyeti Vitatu, Hadithi Yako Iko Wapi?

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, nimemaliza kozi tatu za uandishi mtandaoni na vyeti vyote ninavyo. Sijamaliza hadithi hata moja. Unanishauri nichukue ipi ya nne?" Nilisoma ujumbe ule mara mbili, nikaiweka simu chini. Huyo ni mimi wa miaka sita iliyopita.

Najua mnaopita hapa mnataka kile nilichokitaka mimi: jina lako chini ya kichwa cha hadithi, na mtu usiyemjua aisome mpaka mwisho. Mwezi uliopita limenitimia. Jarida moja limeikubali hadithi yangu baada ya kukataliwa kwingine mara 11, na najivunia sana, sitaki kuficha. Ila njia yenyewe haikunyooka, na kuna mahali bado pananiuma.

Kozi yangu ya kwanza niliilipia. Mwalimu ana sauti nzuri, video zimepigwa kwa ustadi, nyuma yake rafu ya vitabu na taa yenye mwanga wa manjano. Nilijaza daftari zima. Onyesha, usieleze. Kila mhusika awe na kitu anachokitafuta. Nilinakili yote kama mtoto mbele ya ubao. Wiki ya tatu nikapandisha zoezi, na kwa haraka zangu nikapandisha faili tupu, halina hata neno moja. Sikujua. Muda si muda ujumbe ukaingia: hongera, kazi yako ni nzuri, endelea na sehemu inayofuata. Kosa lenyewe nililigundua baadaye nikipanga mafaili yangu, cheti kikiwa kimeshafika. Pesa haikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba wiki nane zote nilikuwa namwandikia mtu ambaye hayupo.

Miezi iliyofuata sikuandika kitu. Nairuka, haina la kusimulia.

Niliporudi, nilichagua kwa macho mengine. Kwenye Coursera, tovuti ya kozi za mtandaoni, kuna mfululizo wa kozi za uandishi wa kubuni za Chuo Kikuu cha Wesleyan, Marekani: ploti, wahusika, mandhari, mtindo, halafu kazi ya mwisho ambapo unaandika chako. Si jina la chuo lililonivuta. Ni utaratibu wake: zoezi lako linasomwa na wanafunzi wenzako, na wewe unatakiwa usome ya kwao na uandike maoni. Yaani huko faili tupu lingeonekana siku hiyo hiyo.

Wazo hilo halikuanzia mtandaoni. Chuo Kikuu cha Iowa kilianzisha warsha yake ya waandishi mwaka 1936, na mtindo wa ufundishaji unaohusishwa nayo umeenea mbali: andiko linawekwa mezani, wenzako wanalijadili, na wewe mwenye andiko unanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kazi. Mtandaoni unanyamazishwa hata usipotaka, maana mwenzako anakusoma wewe ukiwa umelala, na hakuna namna ya kumkatiza umwambie "hapo nilimaanisha hivi". Alichonacho ni ukurasa tu.

Zoezi langu la kwanza lilianza hivi: "Jua lilikuwa likizama, na mjane yule alijawa na huzuni isiyoelezeka." Niliupenda sana mstari huo. Mwanafunzi mwenzangu, hata sijui yuko nchi gani, aliniandikia sentensi moja: kama huzuni yake haielezeki, mimi msomaji nitaijuaje? Nilikasirika. Nilizunguka chumbani nikimjibu kwa sauti, nikimtetea mjane wangu kama aliyetukanwa. Siku ya tatu nikalifungua faili. Nikafuta jua. Nikafuta na huzuni. Nikaandika: "Alilikunja shati la mumewe mara nne, akalikunjua, akalikunja tena." Nilipousoma kwa sauti, lile somo la onyesha usieleze, lililokuwa limelala daftarini tangu kozi ya kwanza, ndipo likaingia mkononi.

Kuna jambo hapa linatuhusu sisi tunaoandika kwa Kiswahili. Kozi ile ni ya Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa naandika kwa Kiswahili kwanza, kisha natafsiri ndipo wenzangu wasome. Ploti ilivuka salama. Mhusika alivuka. Lakini kukunja na kukunjua, maneno mawili yaliyozaliwa tumbo moja, yanayopishana kwa silabi moja tu kama mikono ya mjane yule inavyopishana, yalibaki ng'ambo. Hakuna mwenzangu aliyeyaona, wala sikuwa na haki ya kuwalaumu. Ndipo nikamtafuta msomaji wa Kiswahili, mtu mmoja tu, tukakubaliana kila Jumapili abadilishane nami kurasa tatu. Ukisoma kozi ya lugha nyingine, usiache kufanya hivyo. Maoni ya darasani yatakunyooshea mifupa ya hadithi, lakini sauti ya lugha yako anaisikia mwenye lugha.

Na kusoma kazi za wengine, ambako mwanzoni nilikuona adhabu, kulinifundisha kuliko video zote. Hadithi ya kwanza niliyopewa ilianza na mhusika akiamka kitandani. Ya nne pia. Ya saba pia, tena huyu alijitazama kwenye kioo ili tujue sura yake. Kufika hapo nilikuwa nimechoka, na katikati ya uchovu huo nikakumbuka kwamba hadithi zangu mbili zinaanza vivyo hivyo. Hakuna mwalimu aliyenikosoa. Nilichoka tu kama msomaji anavyochoka.

Sasa nisikilizeni vizuri. Tuache kujidanganya kwamba kutazama ni kuandika. Mihadhara ya Brandon Sanderson, mwandishi wa riwaya za fantasia, aliyoitoa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, iko YouTube, bure, na ni mizuri. Nimeitazama na nitaitazama tena. Lakini unaweza kuimaliza yote ukiwa umelala chali na usiwe umeandika aya moja. Kozi haikupi kipaji na cheti hakisomwi na mhariri. Sijawahi kuulizwa cheti na jarida hata moja, si lililonikubali, si yale yaliyonikataa. Wanafungua andiko, wanasoma mistari ya mwanzo, wanaendelea au hawaendelei. Kabla ya kulipia kozi yoyote, uliza: nani atasoma nitakachoandika? Kama jibu halionekani kwenye maelezo ya kozi, tunza pesa yako. Kisha andika, upewe maoni, uumie siku mbili, uandike upya. Nimeshayasema haya hapa siku nyingine na nitayarudia, kwa sababu bado watu wananitumia picha za vyeti.

Na maoni yakiwa ya kijinga? Yapo, tena mengi. Kuna aliyeniambia nimuue mjane kwenye ukurasa wa pili ili hadithi ichangamke. Mjane yupo hai mpaka leo, na ndiye aliyechapishwa. Mimi hungoja: watu wawili wasiojuana wakigota mahali pale pale, pana tatizo, hata kama dawa wanayonipa sio. Akigota mmoja, nalala nalo kwanza.

Dada uliyeniandikia, usichukue ya nne. Rudi kwenye ile ambayo zoezi lake ulilipenda zaidi, ulifanye tena mwanzo mpaka mwisho, bila kufungua video. Ukifikisha kurasa tatu nitumie, hata kama mwisho bado hujauona. Jumapili hii nina nafasi, nitazisoma.