Ruti kano nilishafanya, mbona usaha umerudi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Nzuguni hapa Dodoma na nina genge la mboga Majengo. Mwezi wa pili nilifanyiwa ruti kano, ile ya kusafisha na kuziba mizizi ya jino, kwenye gego la chini kushoto, nilienda mara tatu likaisha, nikaambiwa nirudi baada ya wiki mbili nivalishwe kofia, lile ganda gumu la kufunika jino. Sikurudi daktari, ada za watoto zilinibana na jino lenyewe lilikuwa limetulia kabisa. Juzi Jumamosi tukaenda mnada wa Msalato, nikauma kamfupa kwenye nyama, nikasikia ko! kipande cha jino hicho kikabaki mkononi. Halafu hata kabla ya hapo kulikuwa na kapele kwenye fizi chini ya jino hilohilo, kanavimba, kanapasuka kanatoa maji ya chumvichumvi, kanapotea, baada ya wiki kanarudi. Hakaumi. Majirani wananiambia ruti kano ni kuliwa hela tu, ling'olewe. Shemeji naye ananitisha eti usaha wa jino unapanda kichwani. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Na usijilaumu kwa ile kofia, wagonjwa wangu wengi wanakwama hapohapo, maumivu yakiisha jino linasahaulika na ada ya mtoto haisubiri. Ila ngoja nikuambie kinachoendelea humo ndani maana majirani wamekuambia nusu tu ya habari.

Hako kapele ndo kanakopaswa kukusumbua kuliko kile kipande kilichovunjika. Kwenye ncha ya mzizi, ndani ya mfupa wa taya, kuna bakteria bado wanaishi, usaha wao umejitoboa njia mpaka kwenye fizi, na kwa sababu unapata pa kutokea presha haijengeki ndo maana hauumi. Watu wanafurahi "haliumi limepona" kumbe halijapona. Na antibayotiki za kununua duka la dawa hazikaponyi, utameza siku tano kapele katanywea, mwezi ujao kako palepale, kwa sababu ndani ya mzizi uliokufa hakuna damu ya kuipeleka dawa kule.

Wametoka wapi hao bakteria? Kwa maelezo yako mimi namshuku kwanza yule mtunza mlango, yaani kiziba cha muda, kile cheupe laini unachowekewa ukingoja kofia. Kile ni cha wiki chache tu, wewe umekaa nacho miezi, kinamomonyoka taratibu mate yanapenya pembeni na mate yana bakteria, wanarudi kwenye nyumba iliyokuwa imesafishwa. Inawezekana pia kuna mfereji ulirukwa: gego kubwa la kwanza la chini huwa na mizizi miwili na mara nyingi mifereji mitatu, ila kuna watu wana minne, ule wa nne mwembamba unajificha, hata daktari makini anaweza asiuone. Na la tatu, ambalo ndo ninaloliogopa kwako, ni ufa ulioshuka mpaka kwenye mzizi.

Kwa hiyo usiende kusema "nataka kung'oa", nenda useme "naomba tujue sababu". Hapo Dodoma kuna kitengo cha meno hospitali ya Benjamin Mkapa na kuna General, yaani hospitali ya rufaa ya mkoa, si lazima ukimbilie Dar. Utapigwa eksirei, na muulize daktari kama anaweza kupitisha kijiti chembamba cha pinki, kile kile cha kuzibia mizizi, kwenye katundu ka hako kapele kabla ya kupiga picha. Haiumi sana. Kijiti kinafuata njia ya usaha mpaka kwenye chanzo, na kwenye picha utakiona kwa macho yako kimeinama kuelekea mzizi wa mbele au wa nyuma, hapo hakuna tena kubahatisha. Atapima na fizi kuzunguka jino: kifaa kikizama ghafla sehemu moja nyembamba, kwingine kote kiko sawa, hiyo ni dalili mbaya ya ufa wa mzizi. Mzizi ukipasuka kwa urefu hauungiki, hapo majirani watakuwa sahihi, jino litoke.

Kama hakuna ufa, ruti kano inarudiwa. Ule mpira wa zamani uliozibia mizizi unatolewa, mifereji inaoshwa upya, mara nyingine unawekewa dawa ndani kwa wiki kadhaa, kapele kakishapotea ndo panazibwa. Mfupa wenyewe unachukua miezi kujijaza, kwa hiyo usishtuke picha ya baada ya mwezi ikionyesha kivuli bado. Kuna na upasuaji mdogo wa kukata ncha ya mzizi, ila kwa magego ya chini mshipa wa fahamu wa taya unapita karibu, hatuanzi na huo.

Sasa hapa kwenye kulijenga jino naomba unisikilize vizuri maana ndipo ulipopotezea mara ya kwanza. Watu husema jino lililouawa mshipa linakauka kama kuni ndo maana linavunjika. Sababu kubwa siyo ukavu, ni kwamba limechimbwa, limebaki kuta tupu kama nyumba isiyo na lenta, na gego ndilo linabeba kazi ya kutafuna. Ndo maana tunalivika. Ili kofia ishike inatakiwa ubaki ukuta mzima wa jino wa kama milimita 2 juu ya fizi kuzunguka, ukipungua hapo kofia itang'oka na kisiki chake. Unaweza kuwekewa nguzo ndani ya mzizi, lakini nguzo haiongezi nguvu ya jino, kazi yake ni kushikilia ujenzi wa juu tu, usiuziwe kwa maneno mengine. Kwa gego la nyuma mimi bila kusita ningechagua kofia ya chuma: haionekani ukicheka, ina nguvu, na jino linachongwa kidogo. Za rangi ya jino ni nzuri ila bei inapanda. Na kama hela bado haijatimia, sema wazi, uombe uzibwe kwa kizibo cha kudumu kinachofunika vilele vyote vya jino, hicho kitakusogeza. Usitoke tena na cheupe cha muda.

Likitoka, una njia: bandia ya kuvaa na kuvua ndo nafuu, daraja, yaani jino bandia linaloshikiliwa na meno ya pembeni, linachonga meno mawili jirani ambayo hayana kosa, na implanti, yaani skrubu inayopandikizwa kwenye mfupa kubeba jino bandia, ni nzuri lakini ghali na inadai miezi ya kusubiri.

Shemeji mwambie kichwani ni nadra sana, kwa jino la chini hatari iko shingoni. Ukiona uvimbe unashuka chini ya taya, mdomo haufunguki, kumeza kunakuwa kazi, sauti inabadilika au homa inapanda, hiyo siyo ya kusubiri asubuhi, unaenda hospitali usiku huohuo.

SWALI: Daktari mimi niko Singida mjini, nimemaliza ruti kano siku tatu zilizopita, nikigusanisha meno linauma kama limepanda juu. Nimeze antibayotiki?

JIBU: Hapana kaka, kama huna uvimbe wala homa antibayotiki haina kazi hapo. Maumivu ya siku mbili tatu mpaka wiki ni kawaida, mzizi umesumbuliwa. Ila hilo neno lako "limepanda juu" limenipa jibu, pengine kizibo kimezidi kimo. Rudi kwa aliyekutibu akupe ile karatasi ya bluu uume, panapoacha alama nzito anapunguza kidogo, ni dakika tano na unaweza kupata nafuu hiyohiyo wiki. Kwa sasa panadoli vidonge viwili kila baada ya saa sita, usizidishe vinane kwa siku, na tafunia upande wa pili. Ikipita wiki linazidi badala ya kupungua, omba eksirei.